Mshirika Wetu wa Tatu Amelala Kate

Nipe mtu yeyote, dakika kumi na utani mmoja, nitakuambia kama anafaa kuwa mshirika wako wa biashara au umwache aende zake. Sihitaji barua ya utambulisho wala wadhamini. Mimi Loth wa Katandala, mtu nikishamtania nimeshamsoma mpaka ukurasa wa mwisho. Sijawahi kukosea.

Maneno hayo niliyasema mwezi wa nane, nimesimama, mkono mmoja mfukoni, mbele ya vijana arobaini kwenye semina ya ujasiriamali hapa Sumbawanga. Walinipigia makofi. Ungekuwepo, msomaji, na wewe ungepiga, maana siku hiyo nilikuwa nimechomekea.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, mambo yalikuwa hivi. Nilitaka kuanzisha biashara ya unga wa uji. Ulezi wetu wa huku juu, uliopepetwa, usio na mchanga, ndani ya mfuko wenye jina. Mdomo wa kuuza ninao. Mikono ya kufanya kazi ndiyo tulishagombana zamani. Mwezeshaji wa semina akasema, "Ushirika ni ndoa isiyo na mahari. Tafuta anayejaza pengo lako." Wakajitokeza wawili: Jafeti, kijana wa Mbeya mwenye mashine ya kusaga pale Mazwi, na Flavian, niliyesoma naye sekondari, mtoto wa mkulima, mpole, anayeujua ulezi kama mimi ninavyovijua visingizio.

Nikaamua kuwapima kwa utani, kila mmoja na safari yake ya bure. Atakayerudi anacheka, huyo ndiye.

Jafeti nilimtuma Kasesya, kule mpakani na Zambia, akapokee mashine ya kunyoosha unga. Akaenda! Siku nzima alizunguka forodhani akiulizia mashine ya kunyoosha unga. Madereva wa malori wakamgeuza sinema. Bodaboda mmoja akamshauri ajaribu pasi ya mkaa. Aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na hakucheka. Alisema neno moja tu, "Mshenzi," akafunga mashine yake kwa kufuli, na mpaka leo nikipita Mazwi anageukia ukutani.

Hapo ndipo wiki jana niliwaacha. Kilichobaki sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa naogopa hata kukiandika.

Flavian naye nilimtuma. Wiki ileile. Nilimtuma kijijini Kate.

Mwaka juzi nilikwenda Kate kumzika bibi wa rafiki yangu. Katekista alikuwa na mengi ya kusema, na upepo wa kule haukuruhusu mtu asinzie. Nikawa nasoma misalaba. Mmoja ulikuwa wa mbao, rangi nyeupe, herufi nyeusi: CORNELIUS KACHELE. AMELALA 14-6-2011. Jina likanikaa kichwani. Lina mlio wake, Kachele, kama punje ndani ya kibuyu.

Sasa nilipokuwa natafuta safari ya bure ya Flavian, ndilo jina lililotoka.

"Nenda Kate," nilimwambia. "Ulizia Mzee Cornelius Kachele. Ana ulezi mwekundu ambao hujawahi kuuona. Mwambie Loth amekutuma, akupe gunia la mfano."

"Unamfahamu?"

"Tulikutana msibani."

Hapo sikusema uongo, msomaji. Tulikutana msibani kweli, tofauti ni kwamba mmoja wetu alikuwa chini.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Watu wa Kate watamwambia, "Huyo yuko makaburini, kijana." Flavian atanipigia simu. Atacheka, au atanitukana. Mimi nitajua.

Hakupiga.

Kesho yake mchana nilimwona anakuja kutoka stendi, jasho linamtiririka pamoja na baridi yote ile. Begani ana gunia.

"Mzee anakusalimia," alisema, akalitua.

"Mzee gani?"

"Mzee Kachele. Mzee wako."

Nikacheka sana. Nikamsubiri naye acheke. Flavian uso wake ni mmoja tu, ndio wa kupokelea komunyo na ndio huohuo wa kununulia nyanya. Niliutafuta utani kwenye kona za mdomo wake, kwenye macho, hata masikioni. Hakuna.

Akafungua gunia. Ulezi mwekundu, msafi, unateleza kati ya vidole kama maji.

"Huyo mzee," nikasema, na sauti yangu ikaenda juu bila ruhusa. "Ni mzima?"

"Anakohoa kidogo. Amevaa koti refu la jeshi, si unajua baridi ya kule. Alinihoji sana habari zako."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza, huyo Loth nani alimpa jina langu?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia mlikutana msibani. Akakohoa, Loth. Akavuta koti lake. Halafu akasema, 'Inawezekana.'"

Nikakaa juu ya gunia. Halafu nikakumbuka ni gunia la nani, nikasimama.

Nilitakiwa kusema palepale. Maneno yenyewe ni machache: Flavian, nilikutania, yule mtu amekufa. Nikafungua mdomo. Flavian akanitangulia.

"Nimesikia ulichomfanyia Jafeti," alisema, anafunga gunia taratibu. "Mji mzima unasimulia."

"Aah, yule hajui utani."

"Mimi kutaniwa sikatai, mshikaji. Lakini kazi ni kazi. Baba yangu aliwahi kuambiwa na rafiki yake kwamba jina lake limetoka kwenye orodha ya ajira kule Namanyere. Akaazima suti. Akaenda kwa miguu. Orodha haikuwepo. Ofisi nzima ilimcheka mpaka mhudumu wa chai. Hakumsemesha tena yule rafiki yake mpaka alipozikwa."

"Alipozikwa rafiki?"

"Alipozikwa baba."

Nikajifanya naokota punje zilizomwagika.

"Ungenituma mimi vile," Flavian akaendelea, "ningeondoka na usingeniona tena. Sio kwa hasira. Ningeondoka tu. Lakini mimi ulinituma kwenye kazi ya kweli. Ndiyo maana nipo."

Akanipa mkono. Nikaupokea, msomaji. Hivyo ndivyo nilivyompata mshirika, kwa kunyamaza. Na kuanzia dakika ile nikajua kwamba siku Flavian akijua, ameondoka, na akiondoka yeye mimi nabaki na mdomo usio na cha kuuza.

"Ila kuna sharti," alisema.

"La nani?"

"La mzee. Ulezi ataendelea kutuletea, lakini anataka jina lake liwe kwenye mfuko. Awe mshirika wa tatu."

"Flavian, mtu hatujawahi hata kumwona..."

"Wewe si umemwona? Msibani."

Tulisaga kwenye mashine moja ya mtaa wa Chanji. Tukampa kidogo Mama Otilia, jirani yetu anayeuza chai na chapati, atupikie tuonje. Alikoroga, akaonja, akafumba macho.

"Mmeutoa wapi ulezi huu?"

"Kwa nini, mama? Mbaya?"

"Unanukia kama jikoni kwa bibi yangu."

"Basi tukamuulize bibi yako anausagaje."

"Bibi yangu amekufa, we mtoto."

Sikumaliza kikombe changu.

Mifuko ikachapishwa. Nilipinga jina lile kwa kila hoja niliyokuwa nayo. Nikapendekeza Unga wa Nyota, Unga wa Ufipa, Unga wa Mama. Flavian akatikisa kichwa. "Tumemkubalia mzee." Basi ikatoka mifuko mia moja myeupe, herufi nyeusi: KACHELE. Rangi zilezile. Nilipoipanga mezani ikiwa imesimama safu kwa safu, niliona makaburi mia moja.

Ikaisha ndani ya siku nne.

Tukachapisha mingine. Ikaisha. Wanawake wakawa wanatoka Izia na Majengo kuja kuuliza. Mwalimu mmoja, mama wa Kinyakyusa, akachukua mifuko sita ya kupeleka kwao Tukuyu. Sokoni wakaacha kuniita Loth.

"Kachele! Kachele, niwekee miwili!"

"We Kachele, mbona jana hukufungua?"

Siku ya kwanza nilikasirika. Siku ya pili nikanyamaza. Siku ya tatu mtu aliita "Kachele!" na mimi, bila kufikiri, nikaitika, "Naam!"

Nikaganda pale na mfuko mkononi.

Niseme ukweli, hofu mimi nilikuwa nawauzia wengine. Wageni wakija hapa kutoka Mbeya na Dar, mimi ndiye nawapokea kwa habari za radi za kutumwa. Nawaambia jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi. Halafu naongeza, "Waliutupa kweli, lakini sisi tukauokota." Wanacheka huku wanakunja miguu. Miaka yote hiyo mimi muuzaji, safari hii nimejiuzia mwenyewe.

Nikaanza kugeuka. Nikitembea, nageuka. Nikipima unga, nageuka. Nikisikia mtu anakohoa kwenye foleni, nageuka na kijiko.

"We Loth," Mama Otilia akasema siku moja, "mbona unageukageuka? Kwenye Biblia aliyegeuka ni mke wako, si wewe."

"Sina mke, mama."

"Basi utageuka chumvi peke yako."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini nilikuwa natazama nyuma yake. Palikuwa na mtu mwenye koti refu anavuka barabara. Nilipochungulia vizuri alikuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi.

Flavian ndiye hakuwa na shida yoyote. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anampigia mzee simu. Anatoka nje, anasimama karibu na uzio, anaongea Kifipa kwa heshima zote, anacheka kidogo. Mimi nabaki ndani nasikiliza. Mshirika wangu anaongea na marehemu, na wanaelewana kuliko mimi na yeye.

Jumapili moja mwishoni mwa mwezi wa kumi alirudi ndani na simu imenyooshwa kuja kwangu.

"Mzee anataka kukusalimia."

"Mwambie nimetoka."

"Loth, anakusikia."

Nikaishika kwa vidole viwili. Nikaiweka sikioni. Upepo. Upepo mrefu, na ndani yake mtu anakohoa, taratibu, kama hana haraka ya kwenda popote.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndiye Loth?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Uliyenitaja?"

Nikatazama juu, nikatazama chini, nikamtazama Flavian akitabasamu kama mtu aliyekutanisha ndugu waliopoteana.

"Basi uje tuonane," sauti ikasema. "Mwenzako nimemwambia. Mje Siku ya Marehemu. Sisi siku hiyo tunafyeka makaburi. Tukimaliza tutaweka sahihi za ushirika palepale. Mtu akiweka sahihi mbele ya waliolala, haruki neno lake."

"Palepale wapi, mzee? Makaburini?"

"Ndiyo. Wewe si unapajua?"

Simu ikanitoka, ikaangukia kwenye beseni la unga.

"Vipi?" Flavian akauliza.

"Mtandao," nikasema.

Sasa nitafute wapi pa kujificha, msomaji? Tarehe mbili mwezi wa kumi na moja. Mimi na Flavian tunaingia makaburini Kate. Flavian atatembea kati ya misalaba, na kwa kuwa ni mtu wa kusoma kila kitu, hata maelezo ya sabuni, atasoma. CORNELIUS KACHELE. AMELALA 14-6-2011. Atasimama. Atahesabu miaka. Halafu atajua kwamba siku ile nilimtuma kwa mfu, kama baba yake alivyotumwa kwenye orodha isiyokuwepo.

Nilikuwa na hofu mbili. Moja ya yule aliyekufa akawa anapiga simu. Nyingine ya Flavian kuondoka. Nilizipima kama unga, mkono huu na mkono huu. Ya Flavian ilikuwa nzito zaidi, na mimi mwenyewe nilishangaa.

Basi nikapata wazo. Ndiyo, nimepata tena wazo. Ningekwenda Kate siku moja kabla, tarehe moja, Sikukuu ya Watakatifu Wote. Kijiji chote kitakuwa kanisani. Ningeng'oa ule msalaba na kuutupa korongoni. Kesho yake Flavian asome apendavyo. Kaburi lisilo na jina halina ushahidi.

"Kesho nashuka Kabwe," nikamwambia Flavian. "Kuna wachuuzi wa samaki kule ziwani wanataka unga. Tutakutana keshokutwa Kate."

"Nenda salama. Na mimi nina pa kwenda."

Hakuuliza zaidi. Flavian ukimwambia kitu anakiamini, na hilo ndilo lililonifanya nisiweze kumtazama.

Kesho yake nilishuka Kate asubuhi, nimevaa kofia mpaka kwenye nyusi. Hesabu yangu ya kanisa ilikuwa sahihi. Njia nyeupe, milango imefungwa, kuku tu ndio waliobaki na dini yao. Nyimbo na ngoma zilikuwa zinakuja na upepo, zinapanda, zinapotea, zinarudi. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamekaa chini sana, unaweza kudhani mtu akinyoosha mkono atayashika.

Makaburini majani yalikuwa yamefika magotini. Nilikwenda moja kwa moja, miguu ilikuwa inakumbuka kuliko kichwa.

Msalaba ulikuwepo. Nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba labda sikuusoma vizuri, labda ni Kapele, labda ni Kachere. Ulikuwa vilevile. CORNELIUS KACHELE. AMELALA.

Lakini kaburi lilikuwa limefyekwa. Makaburi yote ya jirani yana majani, lake peke yake safi, udongo umepigwa fagio. Ni kama mtu aliyejiandaa kupokea wageni.

Nikavua kofia. Sikupanga kuongea. Mdomo wangu, kama mjuavyo, hausubiri mipango.

"Shikamoo, mzee Kachele," nikasema. "Ndiye mimi Loth. Sikukufahamu. Nililisoma jina lako hapa siku ya msiba wa watu, nikalibeba kama mtu anavyookota kifungo njiani. Nilimtuma Flavian kwako ili nimcheke. Nilijua umekufa. Nilitaka afike hapa aaibike, nione kama anajua utani. Basi."

Upepo ukapita. Ngoma za kanisani zikanyamaza, nadhani yalikuwa mahubiri.

"Sasa sijui ulitoa wapi gunia, sijui ulitoa wapi simu. Nisamehe. Uji wako watoto wa Sumbawanga wanaupenda. Jina lako nitaliacha kwenye mfuko mpaka nife. Lakini yule Flavian usimwambie. Nimekosa watu wote, mzee. Jafeti amenigeuzia mgongo, wenzangu wa semina wanakuja kwangu kucheka tu, hakuna anayekuja kufanya kazi. Huyu peke yake ndiye anayeniamini. Niachie huyu."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimesema maneno mengi mfululizo bila utani ndani yake. Yaliniacha na baridi.

Halafu nikakumbatia msalaba, nikavuta.

Ulikataa. Nikatingisha, nikavuta tena. Udongo ukapasuka, ukatoa harufu ya mvua ya zamani. Ukang'oka na mimi nikarudi nyuma hatua tatu nimeukumbatia kifuani kama mtoto. Ndipo nikaona viganja vyangu ni vyeupe. Na shati. Rangi ilikuwa mbichi.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

Taratibu. Kama hana haraka ya kwenda popote.

"Nimeipaka jana jioni," sauti ikasema. "Haijakauka."

Sikugeuka. Shingo ilikataa. Yeye ndiye aliyezunguka akaja mbele yangu. Koti refu la jeshi. Ndevu nyeupe. Mkono mmoja una kopo la rangi, mwingine una brashi. Aliutazama msalaba kifuani mwangu, akalitazama shimo.

"Shikamoo," mdomo wangu ukasema peke yake.

"Marahaba. Naona unanihamisha."

Nikakaa chini, juu ya udongo, na msalaba mapajani.

"Mzee," nikasema, "wewe si... si umelala?"

"Aliyelala hapo ni kaka yangu." Akainama, akaweka kopo chini. "Tulipomwondolea msiba, wazee walinivalisha koti lake hili, wakanipa jina lake, ili watoto wake wasikose baba. Mimi nilikuwa Romani. Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Romani, hata mke wangu. Jina halizikwi, kijana. Kwenu hawakukwambia?"

Waliniambia. Babu yangu alinieleza mambo ya kurithi jina, zaidi ya mara moja, na mimi nilikuwa natazama simu. Mfipa mzima, mzaliwa wa hapahapa, nimeliogopa jambo la kwetu miezi miwili.

Nilitaka kucheka kwa furaha. Hakuna mzimu! Mzee mzima, ana kikohozi, ana simu! Lakini nikamwona usoni, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Umenisikia?" nikauliza.

"Yote. Nimesali misa ya alfajiri, nikaja kumalizia rangi. Nilikuwa nimechuchumaa pale kwenye kaburi la mama."

Akakaa kwenye ukingo wa kaburi la kaka yake, akapangusa brashi kwenye majani, upande mmoja, upande wa pili.

"Kijana alipofika kwangu siku ile," alisema, "akasema ametumwa kwa Cornelius Kachele na mtu nisiyemjua, nilijiuliza sana. Mimi simjui mtu mjini. Ulezi wangu ulikuwa unaoza ghalani, hakuna anayeuliza. Nikamwambia mke wangu, huyu ni kaka. Kaka ametutumia watu. Tukalia, unajua? Wazee wawili, tukalia kwa furaha. Ndiyo maana nikaomba jina lake liwe kwenye mfuko. Kumshukuru."

Nikajaribu kufuta rangi mikononi, ikazidi kuenea.

"Kumbe ulikuwa unacheza," akasema.

Hakusema kwa hasira. Ningemshukuru angesema kwa hasira.

"Mzee, nitaurudisha. Nitausimamisha sasa hivi, nitapaka rangi upya. Nakuomba tu Flavian asijue."

Akafunika kopo la rangi.

"Flavian alifika kwangu jana usiku, akalala," alisema. "Alikuja mapema kunisaidia kufyeka, ili wewe ukija kesho ukute pasafi. Hakutaka kukwambia, alisema anataka ufurahi. Hapa juu bado hajafika, amepitia kwanza pale bondeni, anachota maji ya rangi na ya kuoshea mikono."

Nikasikia ndoo inagonga jiwe. Nikasikia miguu kwenye majani, inapanda.

"Utamwambia wewe," mzee akauliza, "au nimwambie mimi?"

"Mzee..."

"Chagua. Anafika."

Kichwa cha Flavian kikatokea kwanza, halafu mabega, halafu ndoo. Aliponiona alitabasamu, tabasamu zima, lile ambalo sokoni halijawahi kuonekana.

"Loth! Kabwe umesharudi?"

Halafu akaona shimo. Akaona shati langu, mikono yangu, na mbao iliyolala mapajani mwangu. Akaja karibu, akainamisha kichwa, akasoma. Alisoma jina. Alisoma tarehe. Nikaona midomo yake inahesabu miaka.

Akaitua ndoo chini, polepole, bila kumwaga hata tone.

"Siku ile ya gunia," alisema. "Ulinituma kwa nani?"